Jiko la moshi la nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kununua au kumpa fundi kazi

Majibu haya ni ya anayetaka kutia samaki, kuku au nyama moshi nyumbani, awe na ua mpana Mwanza au chumba na sebule ghorofa ya nne. Tumeeleza zaidi pipa la chuma, kwa sababu ndilo wengi wanaloweza kulipata na ndilo linaloharibiwa zaidi na vipimo vya kubahatisha.

Nianze na nini: kutafuta jiko au kutafuta kuni?

Wala si kimojawapo. Anza kwa kujua chakula kitaliwa lini. Kama kitaliwa wiki hii na friji unayo, unachohitaji ni jiko la kupikia kwa moshi: joto la nyuzi 90 hadi 120 za Selsiasi, saa 2 mpaka 5, samaki anatoka ameiva na bado ana majimaji. Kama unataka samaki wa kukaa miezi bila friji, kama wale wakavu wa sokoni, hiyo ni kazi ya kukausha. Joto ni la chini na muda ni mrefu, siku 2 au 3, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 15 hivi na samaki agonge kama ubao.

Jiko zuri la kazi ya kwanza laweza kuwa baya kwa ya pili. Jiko dogo lililofungwa vizuri hutunza unyevu, nao unyevu ndio adui wa anayekausha. Mkaushaji anahitaji nafasi kubwa, hewa nyingi inayopita, na mlango wa kuchochea kuni usiku kucha. Wengi hununua jiko la kupikia, wakakausha nalo nusunusu, kisha wakashangaa samaki ameota ukungu siku ya tano.

Na moshi baridi, ule wa samaki mbichi anayekatwa vipande vyembamba?

Moshi baridi hufanyika chini ya nyuzi 30, na chakula hakiivi. Kwa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat hewa yenyewe ya mchana inafika hapo kabla hujawasha chochote. Bakteria na minyoo ya samaki hawafi kwa moshi wa namna hiyo. Inayomlinda mlaji ni chumvi iliyopimwa, samaki aliyegandishwa kwanza, na baridi isiyokatika. Ushauri wetu ni mfupi: nyumbani, moshi baridi uwe wa jibini, chumvi, karanga na pilipili tu. Kifaa chake ni trei ndogo ya wavu yenye njia iliyojikunja, inayojazwa vumbi la mbao na kuwashwa upande mmoja. Gramu 100 za vumbi kavu hufuka polepole kwa saa 8 hivi.

Naishi ghorofani, sina ua. Nifanye nini?

Tumia sufuria. Chagua nzito ya chuma, kipenyo cha sentimita 28 au 30, yenye mfuniko unaokaa sawasawa. Usitumie sufuria isiyoshika chakula, kwani ile ngozi yake ikipashwa moto mtupu hutoa hewa yenye sumu. Aluminiamu nyembamba nayo hupinda.

Tandika karatasi mbili za foili chini. Weka robo kikombe cha mchele, robo kikombe cha sukari na vijiko viwili vikubwa vya majani ya chai. Juu yake weka wavu wa chuma ulioinuliwa sentimita 5. Washa moto mkali mpaka moshi uanze kutoka, kama dakika 5, ndipo upange minofu iliyokaushwa maji, ufunike, na kukunja foili kuzunguka ukingo. Minofu ya sato au changu yenye unene wa sentimita 2 huchukua dakika 12 hadi 15 kwa moto wa kati, kisha dakika 10 nyingine moto umezimwa na mfuniko haujafunguliwa. Kuku mzima hawezekani hapa. Fungua madirisha yote, na sufuria hiyo ibaki kuwa ya moshi daima, maana wali utakaopikwa humo baadaye utakuwa na harufu.

Jambo moja lisiwe na mjadala: mkaa hauwashwi ndani wala kwenye roshani iliyofungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu, na huua watu waliolala.

Nina jiko la nyama choma la nusu pipa. Linaweza kutumika?

Ndiyo, na mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Mwambie fundi aifanye nusu ya pili ya pipa kuwa mfuniko wenye bawaba mbili nyuma na mpini wa mbao mbele. Atoboe tundu la hewa upande mmoja chini, na aweke dohani upande wa pili juu. Pipa lililolazwa lina urefu wa sentimita 88 hivi. Moto ukae theluthi ya kwanza, upande wa tundu. Chakula kikae theluthi ya mwisho, upande wa dohani. Theluthi ya katikati iache tupu. Hewa inaingia kwenye moto, inabeba moshi, inapita juu ya chakula na kutoka.

Mafundi wengi huweka dohani katikati ya mfuniko kwa sababu inapendeza. Ikiwa hapo, moshi hukatisha njia na kutoka kabla haujafika kwenye samaki. Sisitiza ikae mwisho.

Jiko la duara lenye mfuniko, lile la sentimita 57, linafuata mtindo huohuo: mkaa upande mmoja, karai la maji upande wa pili, chakula juu ya karai, na tundu la mfuniko liwe juu ya chakula. Kilo moja ya mkaa na vipande viwili vya mti vya ukubwa wa ngumi vinatosha kwa kuanzia.

Nikitengenezewa jiko la pipa la kusimama, vipimo viwe vipi?

Pipa la lita 200 lina kipenyo cha ndani cha sentimita 57 na kimo cha sentimita 88, zaidi au pungufu kidogo. Katika kimo hicho lazima vipangwe vitu vinne: moto, kinga, chakula na njia ya moshi.

Moto ukae ndani ya kikapu cha wavu mzito wa chuma, kipenyo sentimita 38, kimo sentimita 18, chenye miguu inayokiinua sentimita 8 kutoka chini ili majivu yaanguke na hewa ipite. Kikapu kinashika kilo 2 hadi 3 za mkaa, nazo zinatosha saa 4 au zaidi kwa nyuzi 110.

Kwenye kimo cha sentimita 40 iwekwe kinga. Hili ni bamba la chuma la milimita 3, mviringo wa sentimita 40, likikaa juu ya nondo mbili. Pembeni yake panabaki nafasi ya sentimita 8 hivi kuzunguka, ambako joto na moshi hupanda. Bamba linafanya kazi mbili: linazuia miali isimguse samaki moja kwa moja, na linapokea mafuta yanayodondoka yasianguke kwenye makaa. Fundi akikuambia kinga haina maana, ujue amezoea kutengeneza majiko ya kuchomea, na hiyo ni kazi nyingine. Ukitaka mvuke, weka karai la lita 2 za maji juu ya bamba hilo.

Chanja ya kwanza ikae sentimita 62 kutoka chini, ya pili sentimita 76. Pipa lenyewe ni jembamba, karibu milimita 1, kwa hiyo chanja zisichomelewe. Zikae juu ya bolti nne zilizopenyezwa ukutani ili ziweze kutolewa na kusuguliwa.

Hewa: matundu matatu ya milimita 25, sentimita 5 kutoka chini, yakigawana mzunguko sawasawa. Mawili yawe na vizibo vya chuma. La tatu liwe na kilango kinachoteleza. Juu, dohani ya inchi 3 katikati ya mfuniko, urefu sentimita 30, yenye kofia ya mvua.

Je, mlango wa moto chini uwepo? Kwa kupika kwa saa chache, hapana. Mlango uliokatwa kwa grenda haufungi vizuri, hewa huvuja, na moto unajiamulia wenyewe. Kwa kukausha siku mbili, mlango hauepukiki: sentimita 30 kwa 25, na fremu ya bapa la chuma kuzunguka ili usipinde.

Pipa gani ni salama kukatwa?

Lililobeba chakula: mafuta ya kula, maji ya matunda yaliyokolezwa, nyanya ya kusaga. Pipa la dawa za kilimo, la kutengenezea rangi, la lami au lenye alama ya almasi ya bidhaa hatari liache hukohuko, hata kama muuzaji anasema limeoshwa.

Mapipa mengi ya chakula yana rangi ya kinga ndani, ya kahawia au ya dhahabu. Hiyo haiondoki kwa sabuni. Washa kuni nyingi ndani yake, nje ya nyumba na mbali na watu, kwa saa 2 au mpaka rangi igeuke majivu, kisha fundi apige brashi ya chuma ya grenda mpaka bati jeupe lionekane. Osha, kausha, paka mafuta ya kula, washa tena moto wa kawaida kwa saa 2. Rangi ya nje pia itaungua. Ukitaka kupaka upya, tumia ile ya kustahimili joto na upake nje tu.

Tahadhari kwa fundi: pipa lililowahi kubeba petroli, spiriti au kimiminika chochote kinachowaka hulipuka likikatwa kwa grenda au gesi, hata likiwa tupu miezi mingi, kwa sababu mvuke umebaki ndani. Hata la mafuta ya kula lifunguliwe vizibo vyote, lioshwe, na lijazwe maji karibu na mstari wa kukata.

Chanja ziwe za nini? Waya wa kuku hautoshi?

Hautoshi. Waya wa kuku na mabati mengi yamepakwa zinki. Chumvi na asidi ya samaki vinaila zinki hiyo ikaingia kwenye chakula, na karibu na makaa yanayozidi nyuzi 419 zinki huyeyuka kabisa. Mvuke wa zinki ndio unaowatia homa wachomeleaji wanaochomelea mabati bila kuusafisha mshono.

Bora ni wavu wa chuma kisichoshika kutu, matundu ya milimita 10 hadi 12. Usipoupata au bei ikikushinda, vyuma vya mviringo vya milimita 6 vilivyochomelewa kwa kuachana milimita 12 vinafaa, mradi vipakwe mafuta kila baada ya kazi. Kwa dagaa wadogo utahitaji wavu mwembamba zaidi juu yake. Ndoano za kutundikia kambale au kuku ziwe za waya usioshika kutu wa milimita 3 au 4. Waya mwembamba hukata nyama ikiiva, na samaki anaangukia motoni.

Muuzaji akikuambia chuma hakishiki kutu, pita na sumaku. Daraja la 304, linalotumika sana kwa vyombo vya chakula, halivutwi au linavutwa kidogo sana. Likinaswa kwa nguvu, ni daraja jingine au ni chuma cha kawaida kilichong'arishwa.

Pipa moja linabeba samaki wangapi?

Sato wa nusu kilo, wakilazwa bila kugusana: 6 hadi 8 kwa kila chanja. Kuku waliopasuliwa mgongoni: wawili kwa chanja. Usijaze mpaka wagusane. Panapogusana ngozi hubaki nyeupe na laini, na hapo ndipo uozo huanzia.

Jiko la umeme je?

Ndilo rahisi kuliko yote kulitawala: unapanga joto, unatia vibanzi vya mti, unaondoka. Moshi wake ni mwepesi kuliko wa mkaa na ngozi ya kuku haikauki vizuri, kwa sababu mengi hayapandi zaidi ya nyuzi 135. Koili ya wati 800 ikiwaka mfululizo saa 4 hula uniti 3.2. Kwa kuwa inajizima na kujiwasha, kawaida ni chini ya hapo. Tatizo ni umeme ukikatika kati ya saa ya kwanza na ya tatu, samaki akabaki vuguvugu. Chakula kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 zaidi ya saa 2 hadi 4. Kama eneo lako lina mgao, uwe na jiko la mkaa la kumalizia.

Ndugu yangu yuko Marekani anataka kunitumia la huko. Lipokelewe?

Lisome kibandiko kwanza. Majiko ya huko ni ya volti 120, na umeme wetu ni 230 hadi 240. Volti zikiongezeka mara mbili, koili inavuta nguvu mara nne: ya wati 800 itajaribu kuvuta 3,200 na kuungua ndani ya dakika chache. Transfoma ya kushusha umeme ya wati 1,500 au zaidi inatatua, lakini ni nzito na ni gharama nyingine. Mwambie aulize toleo la volti 230 linalouzwa Ulaya, au atume kipimajoto kizuri tu na pesa ya fundi.

Majiko ya pelleti, yaani vijiti vidogo vya vumbi la mbao lililoshindiliwa, yana shida ya ziada: pelleti zenyewe. Zinazouzwa kama kuni za majiko ya kawaida au za kupasha joto zinaweza kuwa na mbao za paini, na hizo hazifai kugusana na chakula. Bila chanzo cha kudumu cha pelleti za chakula, jiko hilo litageuka kabati la viatu.

Ya gesi hatuyapingi. Hakikisha regyuleta inaendana na mtungi wa nchi yako, na weka vibanzi kwenye kisanduku cha chuma juu ya kichomeo.

Nataka kuuza. Pipa linatosha?

Kwa kilo 5 hadi 8 kwa siku, ndiyo. Zaidi ya hapo utachoka kugeuza na utatumia kuni vibaya. Angalia majiko mawili yaliyotoka Afrika Magharibi. La kwanza ni Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi cha Accra, Ghana. Lilitengenezwa kati ya mwaka 1969 na 1971 kwa ushirikiano wa wanawake wa hapo, taasisi ya utafiti wa chakula ya Ghana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Ni kuta za udongo au tofali zenye matundu mawili ya moto, na trei za mbao zenye wavu zinazopangwa moja juu ya nyingine, hata 15. Trei zenyewe ndizo zinazokuwa ukuta wa dohani. Linatumia kuni kidogo na linajengwa na fundi wa kawaida. Kasoro yake ni kwamba samaki yuko juu ya moto moja kwa moja, na mafuta hudondokea kwenye makaa.

La pili ni FTT-Thiaroye, lililobuniwa na FAO pamoja na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, Senegali. Limeongeza vitu ambavyo Chorkor haina: sanduku la moto, sinia la kukusanya mafuta, na chumba tofauti cha kuzalisha moshi. Samaki anapikwa kwanza kwa makaa yasiyo na moshi mwingi, kisha anapata moshi uliochujwa. Chorkor iliyojengwa tayari yaweza kuboreshwa kwa vifaa hivyo bila kuibomoa.

Kwa nini mafuta kudondokea makaa yanazungumzwa sana?

Kwa sababu ya kemikali zinazoitwa PAH, hasa benzopirini, ambayo shirika la utafiti wa saratani la IARC limeiweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Huzaliwa mafuta yanapoungua, na moto wa kuni unapokuwa mkali mno huku hewa haitoshi. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa mikrogramu 2 za benzopirini kwa kilo ya samaki wa moshi kwa ujumla, na samaki aliyekaa juu ya miali wazi anaweza kuupita kwa mbali.

Kwa jiko la nyumbani maana yake ni: kinga iwepo, umbali uwepo, kuni zifuke bila kuwaka miali, na ngozi iliyopigwa masizi meusi isiliwe.

Kipimajoto cha kwenye mfuniko kinatosha?

Hapana. Vile vya duara vinavyokuja na jiko hukaa juu ya mfuniko, mbali na chakula, na vinaweza kudanganya nyuzi 20. Unahitaji vipimajoto viwili: cha hewa kwenye usawa wa chanja ya chini, na cha sindano kinachoingia ndani ya nyama. Kama bajeti ni ya kimoja tu, nunua cha sindano. Kipime kwa maji yanayochemka: usawa wa bahari kisome 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu, kikisoma 94 au 95 ni kizima.

Ndani kabisa samaki afike nyuzi 63 na abaki hapo nusu saa, kuku 74, nyama ya kusaga na soseji 71. Moshi wenyewe hauui kila kitu, na rangi ya dhahabu haithibitishi kuwa chakula kimeiva.

Kuni zipi zifae, zipi ziachwe?

Mpera, mchungwa na mlimau ni salama na vina harufu ya kiasi. Migunga inatoa makaa mazuri. Mathenge, ule mti uliovamia Baringo na Tana River, ni ndugu wa mesquite inayopendwa Texas: moshi wake ni mkali, tumia nusu ya kiasi cha kawaida. Pwani, makumbi ya nazi na vifuu hufuka vizuri. Bara, magunzi ya mahindi yaliyokauka yanafaa kwa kuku.

Acha paini na saiprasi kwa sababu ya utomvu wake, mkaratusi kwa mafuta yake, mwarobaini kwa uchungu, mnyaa kwa utomvu wenye sumu, na maganda ya korosho, ambayo mafuta yake hubabua ngozi. Mbao za ujenzi zilizotiwa dawa, plaiwudi, MDF (mbao za unga ulioshikanishwa kwa gundi) na mbao zenye rangi hazijadiliwi. Vumbi la karakana ya seremala huwa limechanganyika vyote hivyo.

Kuni ziwe kavu, zilizokatwa na kupasuliwa miezi 6 au zaidi. Hakuna haja ya kuziloweka. Maji yanayoingia ni kidogo, na yanachelewesha tu moto kwa kutoa mvuke unaofanana na moshi. Kwa saa 4 za pipa, vipande 3 au 4 vya ukubwa wa ngumi vinatosha.

Samaki wangu anatoka mchungu na mweusi. Jiko ni bovu?

Pengine siyo. Tazama moshi unaotoka kwenye dohani. Ukiwa mzito na mweupe kama wa taka mbichi, kuni zinakosa hewa na lami ya moshi inatua kwenye samaki. Moshi mzuri ni mwembamba, wa samawati, na wakati mwingine hauuoni ila unausikia puani. Dohani iache wazi kabisa wakati wote. Joto linatawaliwa kwa matundu ya chini. Kosa kubwa ni kufunga dohani ili kubana moshi ndani.

Sababu ya pili ni kutia chakula mapema. Subiri dakika 20 hadi 30 baada ya kuwasha mpaka moshi usafike. Na usiwashe kwa mafuta ya taa wala mifuko ya plastiki.

Moto unanikimbia, joto linafika 160. Nifanyeje?

Usijaze makaa yaliyokwisha kushika moto. Jaza kikapu mkaa mbichi, weka juu yake vipande 8 hadi 10 tu vilivyowaka kwenye jiko dogo, moto ushuke taratibu. Anza kufunga matundu joto likifika 90, maana litaendelea kupanda lenyewe. Likishapita 140 kushusha ni kazi ya nusu saa, na kila ukifunua mfuniko unaupa moto pumzi mpya.

Kama matundu yote yamefungwa na joto bado linapanda, hewa inavuja mahali. Weka taa ndani usiku, zunguka nje utazame mwanga unapotokea. Kamba ya kustahimili joto inayouzwa kwa milango ya majiko inaziba ukingo wa mfuniko.

Matone meusi yanadondoka kutoka kwenye mfuniko.

Ni mvuke unaogonga bati baridi na kuosha lami. Samaki aliingia akiwa na maji. Baada ya kumtoa kwenye maji ya chumvi, gramu 100 kwa lita kwa muda wa dakika 30 hadi 60, mpanguse na umwache mbele ya feni, chini ya chandarua cha kuzuia nzi, mpaka ngozi ikauke na kunata kidogo kwenye kidole. Pwani wakati wa masika feni ni kifaa cha lazima kama jiko lenyewe. Samaki aliyekaushwa hivyo hushika rangi sawasawa na haangukii motoni. Pia pasha jiko tupu dakika 20 kabla.

Kuna samaki asiyefaa hata jiko likiwa zuri?

Jodari, vibua na dagaa waliokaa juani kabla ya kufika jikoni. Nyama yao hujenga histamini, nayo haiondolewi na moto wala moshi. Mlaji huwashwa, uso huwa mwekundu na kichwa huuma. Barafu tangu kuvuliwa ndiyo dawa pekee.

Samaki aliyepikwa kwa moshi na kubaki na majimaji akae kwenye friji ya nyuzi 4 au chini, aliwe ndani ya siku 3 hadi 5, au agandishwe. Mashine ya kunyonya hewa kwenye mifuko isikudanganye. Pasipo hewa na pasipo baridi ndipo bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, anapostawi.

Usafi na kutu?

Majivu yatoke kila mara, kwa sababu yakilowa unyevu hula chuma cha chini kwanza. Chanja zisuguliwe zikiwa vuguvugu kwa mkwaruzo wa mbao. Brashi ya waya hung'oka nyuzi zinazobaki kwenye chakula. Ngozi nyeusi iliyoganda ndani ya kuta iache, ila magamba yanayobanduka yaondoe. Jiko likae juu ya matofali, si kwenye ardhi, na lifunikwe likiwa limepoa.

Nikienda kulichukua kwa fundi, Gerezani, Kamukunji au Katwe, nikague nini kabla ya kulipa salio?

Nenda na futi, sumaku na gazeti. Pima chanja: zitoke na kurudi bila kupigwa nyundo. Pima nafasi ya kinga kuzunguka, isipungue sentimita 7 popote. Pitisha mkono, ukiwa na kitambaa, kwenye kila ukingo uliokatwa, ukinasa, ukasuguliwe. Gonga mishono, kisha tazama kama kuna rangi iliyopakwa ndani. Ikiwepo, ikwanguliwe hapohapo mbele yako. Mwishowe choma gazeti ndani, funika, funga matundu yote ya chini na uache dohani wazi. Moshi utoke juu tu. Ukitoka pembeni, mwekee fundi alama ya chaki mahali penyewe, na salio libaki mfukoni mpaka pazibwe.